Uhakiki wa Mgawanyo wa Umeme Ndani ya Kabati la Seva: Muundo wa Open Rack

Muundo wa Open Rack, uliotokana na mradi wa Open Compute ambao Facebook iliuanzisha mwaka 2011, husifiwa zaidi kwa ufanisi wake, na sifa hiyo ni ya haki. Hata hivyo, sehemu hii inadai kuwa ufanisi pekee hautoshi kuuhukumu mfumo wa umeme wa kabati, kwa kuwa unanyamazia swali lenye uzito uleule: kifaa kimoja kikiharibika, ni seva ngapi zitakazozimika pamoja nacho?

Katika kabati la kawaida, kila seva hubeba vigeuzi vyake, aghalabu viwili, vya kubadili mkondo geu kuwa mkondo mnyoofu. Open Rack huviondoa ndani ya seva, huvikusanya katika rafu moja, kisha husambaza umeme kwa pau za shaba zilizosimamishwa nyuma ya kabati. Matoleo ya awali yalitumia takribani volti 12. Kwa volteji hiyo, kabati la kilowati 12 hudai ampea 1,000. Google ilipojiunga na mradi mwaka 2016 ilileta hoja ya volti 48: mzigo uleule sasa hudai ampea 250 tu, na kwa kuwa joto linalopotea hukua kwa mraba wa mkondo, upotevu katika shaba ileile hushuka hadi sehemu moja ya 16. Hii ni hesabu ya sekondari, nayo mitambo ya simu ilikuwa imekwisha kuitii kwa miongo mingi.

Udhaifu unaanzia kwenye dhana ya akiba. Rafu ya toleo la tatu huwa na vigeuzi sita, ilhali vitano vinatosha kuubeba mzigo. Kimoja kikifa, seva haziathiriki. Lakini akiba hiyo hulinda vigeuzi. Hitilafu ya upau wenyewe huzima kabati zima. Kampuni kubwa huweza kuivumilia hasara hiyo, kwani programu zao hutunza nakala za data katika makabati mengi. Ukumbi mdogo wenye makabati mawili, moja likiwa limebeba kumbukumbu zote za wagonjwa, hauna nafasi ya uvumilivu huo. Anayeuiga muundo huu bila programu zinazouegemeza ananunua nusu ya mfumo.

Isidhaniwe kwamba njia mbili za umeme, A na B, ni salama kwa asili yake. Chukua vigawa umeme viwili vya ampea 32 kwa volti 230. Kila kimoja kinaonyesha ampea 24, yaani robo tatu ya uwezo, na fundi anaridhika. Njia A ikikatika, seva huhamishia mzigo wote njia B: ampea 48. Swichi ya kinga huenda isikatike papo hapo. Huchukua dakika kadhaa, pengine baada ya fundi kuandika kuwa jaribio limefaulu, ndipo kabati lote huzimika. Ili B iweze kumbeba mwenziwe, kila njia haina budi kubaki chini ya ampea 16. Kwa maoni ya mtafiti, kasoro hii ni mbaya kuliko ile ya upau, kwa sababu mwenye kabati ameshalipia ulinzi asiokuwa nao.

Mjadala huu utazidi kuwa mkali. Mwaka 2025 NVIDIA ilitangaza mfumo wa volti 800 za mkondo mnyoofu kwa makabati ya kufikia megawati moja. Kwa volti 48, mzigo huo ungedai zaidi ya ampea 20,000. Kwa 800 ni 1,250. Uokoaji wa shaba hapo ni dhahiri. Kisicho dhahiri kwa mtazamaji wa hesabu hiyo ni kazi ya kuukata umeme huo: mkondo mnyoofu haupiti sifuri kama mkondo geu, hivyo cheche yake haizimiki kwa urahisi swichi inapofunguka.