JackTrip: foleni ya pakiti ndiyo inayoamua

Mpiga gitaa na mwimbaji walio mahali tofauti wakitaka kupiga na kuimba pamoja kupitia mtandao, sauti isichelewe kuzidi takriban milisekunde 25 kwa upande. Ikizidi hapo, kila mmoja humsubiri mwenzake na mwendo wa wimbo huanza kulegea. JackTrip, iliyobuniwa na Chris Chafe na Juan-Pablo Cáceres katika kituo cha CCRMA, Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, hukabili tatizo hilo kwa kutuma sauti bila kuibana, tena kwa UDP, ili pakiti iliyopotea isisubiriwe.

Sharti la kwanza ni mapatano. Kompyuta zote mbili ziwe na kiwango kimoja cha sampuli, tuseme 48,000 kwa sekunde, na bafa ya ukubwa mmoja, tuseme sampuli 128. Hapo kila pakiti hubeba sauti ya milisekunde 2.67, na pakiti 375 huondoka kila sekunde. Kwa stereo ya biti 16, hiyo ni kama megabiti 1.5 kwa sekunde kwenda, na kiasi hicho hicho kurudi. Si mzigo mkubwa.

Shida ni kwamba pakiti hazifiki kwa kupishana sawasawa. Ndiyo maana mpokeaji huziweka kwanza kwenye foleni. Mwenyeji akiwasha `jacktrip -s`, mgeni huandika:

`jacktrip -c ANWANI-YA-MWENYEJI -q 4`

Foleni ya pakiti 4 huongeza takriban milisekunde 10.7. Ukiipandisha hadi 8, mikwaruzo hupungua, lakini milisekunde 21 zimeshaliwa kabla hujahesabu safari yenyewe.

Kigezo cha `-r 2` wengi hukitumia pasipo mahali pake. Kazi yake ni kutuma kila pakiti pamoja na nakala ya iliyotangulia, hivyo matumizi ya mtandao huongezeka maradufu. Kinafidia pakiti zilizopotea. Zinazochelewa dawa yake ni foleni.

Kwa hiyo fuata mpangilio huu: zima Wi-Fi na uchomeke kebo, fungua poti ya UDP 4464 upande wa mwenyeji, linganisha sampuli na bafa, kisha pandisha foleni pakiti moja moja hadi sauti itulie. Ikiwa hata kwenye 8 bado inakatika, acha kubadilisha namba: mtandao wenyewe ndio mbovu.