Ndimi za moto na rangi za Kiswahili zinazosingiziwa umaskini

Dai moja hurudi kila mjadala wa kufundisha sayansi kwa Kiswahili unapozuka: kwamba lugha hii haina rangi za kutosha. Wanaolitoa hupenda kutaja maabara ya Kemia. Eti tuna nyeusi, nyeupe na nyekundu, na baada ya hapo ni kuombaomba kwa majani, majivu na kahawa. Sasa mwanafunzi atatofautishaje potasiamu na bariamu kwa lugha ya namna hiyo? Dai hili halifai kujibiwa kwa hamaki za kizalendo. Lina chembe ya ukweli ndani yake, na lina kosa kubwa.

Kwanza jaribio lenyewe. Waya safi wa platinamu au nikromu huchovywa katika asidi ya haidrokloriki iliyokolea, kisha katika chumvi inayochunguzwa, halafu huingizwa katika moto wa kichomeo cha Bunsen uliorekebishwa usiwe na mwangaza wake wenyewe. Joto husukuma elektroni za metali hadi kiwango cha juu cha nishati. Zinaporudi chini hutoa mwanga, na kila metali ina mwanga wake. Jambo hili si geni jikoni. Sufuria ya maji yenye chumvi ikifurika juu ya jiko la gesi, moto wa buluu hugeuka manjano papo hapo. Hiyo ni sodiamu. Magadi tunayotilia githeri nayo yangefanya vivyo hivyo, kwa kuwa ni chumvi ya sodiamu.

Chembe ya ukweli ni ya kisarufi. Vivumishi vya rangi vinavyochukua upatanisho katika Kiswahili ni vitatu tu: -eusi, -eupe na -ekundu. Twasema moto mwekundu, ndimi nyekundu. Rangi nyingine nyingi huja kwa kuazima jina la kitu na kuliunga kwa kihusishi: moto wa kijani, moto wa manjano. Kijani ni jani, kijivu ni jivu, kahawia ni kahawa, zambarau ni tunda na manjano ni kiungo cha pilau na mchuzi.

Kosa ni kudhani kwamba kuazima huko ni umaskini. Hebu tuitazame lugha inayosifiwa kwa utajiri. Mwanafunzi wa Kenya anayechunguza potasiamu hutarajiwa kuandika 'lilac'. Hilo ni jina la kichaka cha maua cha nchi za baridi. Litiamu ni 'crimson', neno lililotokana na jina la Kiarabu la mdudu aliyesagwa kutengeneza rangi. Bariamu ni kijani cha tufaha, na kalsiamu ni nyekundu ya tofali. Kichaka, mdudu, tunda na tofali! Tena hilo 'lilac' lilipita katika Kiarabu likitoka Kiajemi, kwenye shina lile lile lililotupa sisi neno nili, ile buluu ya kufulia nguo nyeupe. Kwa hiyo anayetucheka kwa kuazima anatuchekea mbele ya ndugu yetu wa damu.

Wanasayansi wenyewe hawakuona haya. Robert Bunsen na Gustav Kirchhoff, wakifanya kazi Heidelberg nchini Ujerumani, walipitisha mwanga wa moto katika mche wa kioo wakaona mistari ya rangi ambayo haikuwa ya metali yoyote iliyojulikana. Elementi ya mwaka 1860 waliiita seziamu, kwa neno la Kilatini la buluu ya anga. Ya mwaka 1861 wakaiita rubidiamu, kwa neno la wekundu uliokolea, rangi ambayo mitaani tungeiita damu ya mzee bila kusita. Mwaka huo huo wa 1861, William Crookes wa Uingereza aliona mstari wa kijani kibichi, akaiita elementi yake thaliamu, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya chipukizi. Alichofanya Crookes ndicho alichofanya Mswahili wa kale aliyetazama jani akasema kijani.

Basi lawama iende wapi? Kwa maoni yangu, sehemu kubwa iende kwetu sisi tunaojiita watetezi wa lugha. Tunapotafsiri jaribio hili hatuutazami moto, tunatazama neno la Kiingereza. Tunaona 'lilac' na kuandika zambarau. Lakini nani aliyewahi kula zambarau asijue kwamba tunda lile limekolea hadi kukaribia weusi, na kwamba hutia ulimi doa la kutwa nzima? Moto wa potasiamu ni hafifu, wenye kupauka. Mwanafunzi anayetafuta zambarau katika moto huo hataiona, na ataandika kwamba hakuna potasiamu. Tafsiri imemwangusha mtihani.

Angemwita nani shahidi? Mtihani wa vitendo wa Kemia katika KCSE kwa kawaida hufanywa kuelekea mwisho wa mwaka, majira ambayo jakaranda za Nairobi zimechanua na kumwaga maua yake barabarani. Rangi ya jakaranda ndiyo hiyo hiyo. Ni ajabu kidogo kwamba mtahiniwa akanyage maua hayo akienda maabara, kisha akifika aandike jina la kichaka asichowahi kukiona.

Kijani cha tufaha nacho kina mtego. Pwani, anayesikia tofaa anaweza kuwazia tunda lenye ngozi nyekundu au ya waridi, wala si tufaha la kijani la dukani. Ukimwambia bariamu ina rangi hiyo umempoteza. Jani changa la mgomba, lile ambalo bado limejiviringa, lingemfikisha salama, kwani lina kijani chenye umanjano ndani yake kama moto wa bariamu. Tofali halina nafuu. Kwa mtoto wa Kakamega tofali ni la udongo uliochomwa, lakini mwenzake wa mjini huenda analijua tofali la saruji, rangi ya kijivu. Kwa kalsiamu, mimi ningesema rangi ya chungu kipya. Na kwa shaba, ambayo moto wake ni kijani kinachoingiliana na buluu, tausi yupo miaka yote.

Najua pingamizi litakalofuata. Mtu wa Kisumu na mtu wa Lamu hawatazami vitu vile vile, na sayansi haitaki kila kijiji kiwe na jakaranda yake. Ni kweli. Istilahi lazima isanifishwe, na mifano yangu hapa ni mapendekezo tu. Hata hivyo, kipimo cha istilahi ya rangi ni chepesi: je, wanafunzi wawili wakiutazama moto mmoja bila kuambiana wataandika neno moja? Tafsiri iliyofanyiwa mezani, mbali na kichomeo, haijawahi kuulizwa swali hilo. Wala 'lilac' halijaulizwa katika madarasa yetu. Linakaririwa tu. Nje ya karatasi ya mtihani wanafunzi husemezana "moto imekuwa ya blu kidogo", na ingawa upatanisho umewatupa mkono, macho yao hayajakosea.

Kuna mahali ambapo hakuna lugha inayosaidia. Sodiamu ikichanganyika na potasiamu, hata kwa uchafu mdogo wa jasho la vidole, manjano yake huimeza rangi ya jakaranda yote. Dawa yake ni kutazama kupitia kioo cha buluu chenye kobalti. Pia wapo wasiotofautisha rangi kabisa. Ferdinand Reich wa Freiberg, Ujerumani, alikuwa mmoja wao. Mwaka 1863 ilimbidi amwombe mwenzake, Theodor Richter, amtazamie mistari ya mwanga. Richter akaona mstari wa rangi ya nili usiojulikana, na elementi ikaitwa indiamu kwa sababu ya rangi ambayo Reich mwenyewe hakuweza kuiona.

Halafu kuna litiamu na strontiamu. Zote mbili hutoa moto mwekundu, na Kiingereza huzipa neno moja, 'crimson'. Tungeweza kubuni maneno mawili ya Kiswahili kesho asubuhi na macho bado yangezichanganya. Hapo mwanafunzi anahitaji spektroskopu. Litiamu itamwonyesha mstari mwekundu karibu na nanomita 671, na strontiamu itajitambulisha kwa mstari wa buluu karibu na nanomita 461.