Mbwa wa Mwaka Mmoja, Mtu wa Miaka 31

Zidisha umri wa mbwa kwa saba, kama wengi tulivyozoea, na mbwa wa mwaka mmoja anakuwa mtoto wa miaka saba. Lakini mbwa wa umri huo anaweza kuwa ameshazaa. Hesabu ya saba inaangukia hapo hapo, wala haihitaji maabara kuiangusha. Kazi ya maabara ilikuwa kutafuta cha kuweka mahali pake.

Mwaka 2020 timu ya Trey Ideker wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, ilichapisha mlinganyo ambao magazeti yaliudaka mara moja: chukua logi asilia ya umri wa mbwa, zidisha kwa 16, jumlisha 31. Asiyependa logi ausome hivi: mbwa wa mwaka mmoja ni sawa na mtu wa miaka 31, kisha kila umri wa mbwa unapofika maradufu, ongeza miaka 11. Akiwa na miaka 2 ni sawa na mtu wa 42. Akiwa na 4, 53. Akiwa na 8, 64. Akiwa na 16, 75. Anazeeka mbio mwanzoni, halafu anapunguza mwendo.

Umri huo haukusomwa kwenye meno wala mvi za mdomoni. DNA ina vituo ambavyo kikundi kidogo cha atomi, kiitwacho methili, hujibandika au kubanduka kadiri miaka inavyokwenda. Herufi za jeni zinabaki zilezile; kinachobadilika ni alama zilizo juu yake. Mwaka 2013 mtafiti Steve Horvath alishaonyesha kwamba kwa binadamu vituo 353 vinatosha kukadiria umri, mithili ya saa. Timu ya San Diego ilichukua mbwa 104, karibu wote Labrador, kuanzia vitoto hadi wazee wa miaka 16, na rekodi za watu 320 wenye umri wa kuanzia mwaka 1 hadi 103. Ilisoma vituo ambavyo viumbe hawa wawili wanavyo kwa pamoja. Kila mbwa akatafutiwa binadamu wanaofanana naye zaidi kwa alama hizo, ukachukuliwa wastani wa umri wao, na mchoro uliotokea ndio uliodai logi.

Kwa maoni yangu, kushikilia mbegu moja ndiyo hatua bora ya kazi ile. Ukichanganya mbegu, hujui tofauti unayoiona ni ya umri au ya ukoo. Tena ncha zote mbili za mchoro zinakubaliana na maisha: mbwa wa wiki nane analingana na mtoto wa miezi tisa, wote meno yakiwa yanaota, na Labrador wa miaka 12 anaangukia miaka ya sabini. Ile 31 ya mwaka wa kwanza ndiyo inayokera, maana Labrador wa umri huo bado anatafuna viatu. Saa hii ya methili husoma alama za DNA. Tabia haiioni.

Kosa lilikuja baadaye, watu walipoingiza umri wa Chihuahua na Great Dane kwenye mlinganyo wa Labrador. Mbwa hao wawili wakiwa na miaka saba, wote wanapewa 62. Daktari wa mifugo anajua kwamba Great Dane wa umri huo ni mzee hasa, ilhali Chihuahua ana miaka mingi mbele yake.

Mwaka 2013 mtafiti Cornelia Kraus na wenzake walikuwa wamelichambua jambo hili la mbwa wakubwa kufa mapema kuliko wadogo kwa mbegu 74, kwa rekodi za hospitali za mifugo za vyuo vya Amerika Kaskazini. Hawakuishia kuuliza nani anakufa mapema. Walitenganisha njia tatu zinazoweza kumfupishia mbwa mkubwa maisha: kwamba yuko hatarini zaidi tangu ujana, kwamba uzee humwanzia mapema, au kwamba ukishaanza humwendea kasi. Jibu lililojitokeza kwa nguvu ni hilo la tatu. Kwa wastani, kila kilo mbili za mwili zilipunguza takribani mwezi mmoja wa maisha. Ajabu yake ni kwamba kati ya spishi mambo ni kinyume: tembo humzidi panya kwa miaka mingi.

Kwa nini kasi? Mshukiwa mkuu ni ukuaji wenyewe. Great Dane huzaliwa na uzito usiofika kilo moja, na ndani ya mwaka mmoja hivi anapita kilo hamsini. Mwaka 2007 timu ya Nathan Sutter na Elaine Ostrander ilionyesha kwamba jeni ya IGF1, inayotengeneza homoni ya kukuza mwili, inachangia sana udogo wa mbegu ndogo. Homoni inayohimiza seli kugawanyika inatiliwa shaka pia kwenye saratani, na saratani huwaua mbwa wakubwa zaidi kuliko wadogo. Kutoka hapo hadi kusema homoni hiyo peke yake ndiyo inayozeesha, bado pana pengo.

Mwaka 2022 Horvath, Ostrander na wenzao walitengeneza saa za methili zinazofanya kazi kwa mbegu 93. Kando ya kukadiria umri, zilikadiria pia muda uliobaki kabla ya kifo, na walipata vituo mahususi vinavyohusiana na uzito wa mbegu na urefu wa maisha yake. Mlinganyo wa 2020 hauna mahali pa kuandika kilo. Mwenye Labrador anaweza kuutumia; mwenye Great Dane asisubiri umwambie mbwa wake amezeeka ndipo ampeleke kupimwa.