Taa ya Niboye: Mawe Mazuri, Balbu ya Duka la Dawa

Tuanze na dakika yenyewe, maana kabla ya hapo hakukuwa na la kulalamikia. Taa ya amethisto imeshapandishwa, mawe yametulia kwenye minyororo yake, fundi ameshuka ngazi, mtu anabonyeza swichi. Sebule ile ya Niboye, hapa Kigali, ikajaa mwanga mweupe wenye ubuluu, na amethisto zilizochaguliwa moja moja kwa ajili ya ule wekundu unaochungulia ndani ya zambarau zikafifia palepale, zikawa za kijivu.

Mliokuwapo mliona, na mlioletewa picha kwenye simu mliona pia. Wengine mkapiga makofi. Mimi nikaliendea boksi la balbu lililoachwa mezani: 6500K (namba ikiwa kubwa, mwanga ni mweupe zaidi), Ra 80. Kazi ya wiki nzima iliharibiwa na kitu kinachoingia mfukoni.

Naomba tukae hapa kidogo. Amethisto ni kwatzi yenye chuma kidogo ndani yake, iliyopigwa na mionzi ya asili huko ardhini mpaka chuma hicho kikaanza kumeza mwanga wa katikati, yaani kijani na manjano, hasa karibu na nanomita 545. Kinachopenya ni buluu na zambarau upande mmoja, na nyekundu upande wa pili. Jicho huviunganisha na kuiona ile rangi tunayoilipia. Jiwe lisipoletewa nyekundu, halina mahali pa kuitoa.

Sasa itazameni LED nyeupe ya 6500. Ndani mna chipu ya buluu, kilele chake karibu nanomita 450, imefunikwa fosfori inayogeuza sehemu ya buluu hiyo kuwa manjano. Buluu tele, manjano tele, nyekundu ya kuokoteza. Ile manjano jiwe linaimeza. Nyekundu haikuletwa. Iliyobaki ni buluu peke yake, ikipita kwenye jiwe la zambarau, na ndiyo mliyoipigia makofi.

Msiniletee hoja ya Ra 80. Ra, alama ya jinsi taa inavyoonyesha rangi, ni wastani wa rangi nane za majaribio, zote hafifu. Nyekundu iliyokolea haimo. Hiyo hupimwa peke yake kwa jina la R9, na watengenezaji wengi hawaiandiki kwenye boksi kwa sababu mnazozijua. Balbu inaweza kupata Ra 80 yake vizuri kabisa huku R9 ikiwa karibu na sifuri. Nimelisema hili kwenye safu hii mpaka mhariri amechoka, na nitalisema tena.

Kinachouma zaidi ni aina ya mawe yenyewe. Hayakuwa yale mapana ya Brazili, yenye zambarau nyepesi, ambayo yangevumilia karibu mwanga wowote. Yalikuwa ya Mapatizya, kusini mwa Zambia, na sifa ya mawe ya kule ni rangi nzito yenye mmweko mwekundu. Mnunuzi analipia mmweko huo, kisha anawasha taa isiyoweza kuutoa.

Nimesimuliwa jinsi balbu ilivyochaguliwa. Dukani waliziwasha zote kwa pamoja ubaoni, mchana, mlango ukiwa wazi, na iliyong'aa zaidi ikashinda. Hivi ndivyo taa zinavyonunuliwa mjini kote. Hakuna aliyetoa jiwe moja mfukoni akalishika mbele ya balbu. Ingechukua nusu dakika: ya njano upande wa kushoto, nyeupe upande wa kulia, jiwe katikati. Mtoto angechagua sawasawa.

Mafundi wa taa hii hawana hatia. Ndoano imeshikwa na zege wala si gipsamu, waya wa ardhi umeunganishwa, na mashimo ya mawe yametobolewa kwa keekee ya almasi na maji bila ufa hata mmoja. Fremu imechomelewa kwenye karakana za Gakiriro ka Gisozi, na imenyooka.

Basi turudi kwenye kosa. Watetezi wa balbu nyeupe wana hoja mbili. Ya kwanza ni Cash Power, umeme wetu wa kulipia kabla: LED inakula umeme kidogo. Ni kweli, lakini LED ya njano ya 2700K nayo ni LED. Tofauti ya matumizi kati ya hizo mbili ni ndogo kiasi kwamba hutaiona kwenye mita. Hapa sidai turudi kwenye halojeni ya wati 50. Tena LED ina faida nyingine kwa kazi hii, haichomi jiwe. Amethisto ikipashwa moto wa nyuzi 400 na zaidi hupoteza zambarau, ikawa ya njano au kahawia, na mengi ya yale mnayouziwa kwa jina la sitirini yalianza hivyo. Kosa halikuwa LED, lilikuwa rangi ya LED.

Hoja ya pili ni kwamba mwanga mweupe ndio wa kisasa, unafanya nyumba ionekane safi. Jikoni sawa. Ofisini sawa. Sebuleni unatufanya sote tuonekane tumekuja kuchukua vidonge. Na kumbukeni tuko wapi: Kigali iko karibu nyuzi 2 kusini mwa ikweta, jua linazama kwenye saa kumi na mbili jioni mwaka mzima. Tofauti na watu wa kaskazini wenye jioni ndefu za kiangazi, sisi hutazama taa zetu gizani kila siku. Amethisto ya Niboye haitapata muda mwingi wa kuonekana kwa mwanga mwingine.

Nadhani ugonjwa huu ulitupata kwa kutazama juu mno. Tangu kuba la Kigali Convention Centre lianze kuwaka mwaka 2016, kila mwenye nyumba anataka dari ya gipsamu yenye ukanda wa LED unaobadilika rangi. Lile kuba limekopa umbo la nyumba ya mfalme kule Nyanza, limekaa kilimani, linatazamwa kwa mbali, na rangi zake zinalifaa. Sebule inatazamwa kutoka kwenye kochi. Pale Niboye ukanda upo pia, wa buluu, umezunguka dari nzima, ili ile nyekundu kidogo iliyobaki nayo izamishwe.

Wakubwa wa kazi hii hawakufanya hivyo. Waliosali katika Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos pale Maskati wanaijua taa yake ya ukumbi mkuu: urefu mita 14, vipande vya kristali karibu 600,000, kazi ya Faustig wa Ujerumani, na ndani yake balbu 1,122. Balbu zote ni halojeni. Kristali ile haina hata rangi ya kulinda, ni kioo cheupe, na bado walikipa mwanga wa joto wenye nyekundu kamili. Mtaniambia msikiti ulifunguliwa 2001, LED za kufaa hazikuwapo. Sawa. Lakini anayesimama chini ya taa ile hafikirii balbu, anaitazama taa. Na kabla ya hapo, vinara vya kioo katika majumba ya masultani wa Unguja viliwaka kwa mishumaa na mafuta, mwanga usiofika hata 2000K, na wageni walitoka wakivisimulia.

Lipo kosa dogo la mahali pa balbu. Imewekwa juu, mawe yakining'inia chini yake, kwa hiyo mwanga mwingi unaruka kwenda mezani bila kupita ndani ya mawe. Mawe haya yamesuguliwa laini, hayakukatwa pande kwa pande, na kwatzi hupinda mwanga kwa 1.55 tu. Jiwe la namna hiyo halina uwezo wa kuurudisha mwanga jichoni lisiposaidiwa. Linataka kuangazwa kwa nyuma. Balbu ingeshushwa ikae katikati ya mawe, kwenye holda ya mnyororo mrefu kidogo, kazi ingekwisha. Hili nalisamehe, maana linarekebishika bila kushusha fremu.

Mwenye nyumba, kabla hujaita fundi yeyote, nenda dukani jioni na jiwe moja mkononi. Omba balbu ya 2700K, Ra 90 au zaidi, na muuzaji akwambie R9 ni ngapi. Chini ya 50 mrudishie. Zima ule ukanda wa buluu. Hiyo ya 6500 ipeleke jikoni.