Anachosikia Mpiga Besi

Uzi mnene kuliko wote kwenye gitaa la besi la nyuzi nne, ukipigwa bila kubanwa, hutetema mara 41 kwa sekunde. Wimbi la sauti hiyo hewani lina urefu wa mita nane na ushee, na majukwaa mengi ya kumbi za hapa Nyamagana, Mwanza, hayafiki upana huo. Kuichukua sauti ya namna hiyo na kuifikisha kwa watu ikiwa bado ni noti inayotambulika ni kazi ya mikono miwili, wa mpiga besi na wa fundi mitambo. Nimewatazama wakifanya kazi hiyo kwa miaka mingi na bado sijachoka kuwatazama.

Wengi tukienda kununua au kukodi spika ya besi huwa tunatafuta mngurumo. Tunawasha, kifua kinatikisika, tunalipa. Mpiga besi mzoefu anatafuta kitu kingine kabisa: anataka asikie mahali noti inapoanza. Muziki wetu wa dansi unamdai hivyo. Wimbo ukifika kwenye chemko, magitaa yakasokotana, besi hudondosha noti mbili tatu, ikanyamaza, ikarudi. Nafasi zile alizoziacha ndizo zinazomwinua mtu kitini. Asiposikia vizuri kidole chake kinapogusa uzi, anachelewa kidogo, mpiga ngoma anamsubiri, na bendi nzima inakuwa nzito bila mtu kujua kasoro imetokea wapi.

Mwanzo huo wa noti haukai chini kwenye mngurumo. Unakaa juu zaidi, kwenye mitetemo mia kadhaa hadi elfu moja hivi kwa sekunde. Chukua redio ndogo ya mkononi uweke wimbo wa zamani wa Mlimani Park, bendi iliyoanzishwa mwaka 1978. Spika ya redio ile haiwezi kabisa kutoa mitetemo 41, lakini besi ya Suleiman Mwanyiro, yule waliyemwita Computer, unaifuata noti kwa noti. Ubongo unasikia sauti za juu zinazozaliwa pamoja na noti ile, kisha unaijazia wenyewe sehemu ya chini. Anayelijua hilo hasumbuliwi na ukubwa wa spika kwanza. Anauliza sehemu ya kati inasikikaje.

Mpe spika aijaribu. Hapigi mbwembwe. Anaanza na uzi mnene, noti moja moja, akipanda freti kwa freti hadi ya kumi na mbili, kwa nguvu ileile ya kidole. Anatafuta noti inayoruka kuliko wenzake au inayomezwa. Akiipata, anasogea hatua mbili tatu pembeni na kurudia. Noti inayomezwa ikibadilika, basi ni chumba kinachocheza na mawimbi, na spika haina hatia. Ikibaki ileile kila anaposimama, spika ndiyo yenye tatizo. Halafu anaweka kiganja kwenye mbao za kasha, pembeni na nyuma, akisikiliza kwa ngozi kama kuna skrubu iliyolegea au mshikio unaokwaruza. Mwisho anachuchumaa, sikio usawa wa koni, na hapo uso wake hubadilika, kwa sababu ghafla anasikia kila kitu: kucha, uzi, freti.

Kuchuchumaa huko kunaeleza mengi. Sauti za juu za besi husafiri zimenyooka kutoka kwenye koni, na spika ikikaa sakafuni zinaishia kwenye magoti ya mpigaji. Yeye akiwa amesimama anapata mngurumo tu, anadhani hasikiki, anaongeza sauti, na watu wa meza ya mbele wanaumia. Dawa yake ni kreti mbili za soda. Spika ikipandishwa juu yake na kuinamishwa kidogo nyuma ili itazame kichwa cha mpigaji, jukwaa la mbao linaacha kuvuma nayo, na mara nyingi sauti inapunguzwa badala ya kuongezwa. Kreti zile zimeokoa usiku mwingi kuliko amplifaya za bei mbaya.

Kuhusu wati, ukweli ni mfupi. Kuzidisha wati mara mbili kunaongeza desibeli tatu tu, tofauti ambayo sikio huisikia kwa shida katikati ya muziki. Namba ya kuangalia ni ile inayoonyesha spika inatoa desibeli ngapi kwa wati moja ukiwa mita moja. Spika yenye desibeli 103, ikiendeshwa kwa wati 100, inalingana na yenye 97 inayoendeshwa kwa wati 400. Halafu kuna omu: spika mbili za omu 8 zikiunganishwa sambamba zinakuwa omu 4, na amplifaya isiyoruhusu omu 4 itaungua siku ya harusi ya mtu. Kifaa kilicholetwa na ndugu kutoka Marekani kisomwe kibandiko cha nyuma kabla ya kuchomekwa, kwani umeme wa kule ni volti 120 na wetu ni 230.

Umeme huohuo ndio unaonifikisha kwenye sehemu ya ufundi ninayoipenda kuliko zote. Umeme wetu unatetema mara 50 kwa sekunde. Noti ya G kwenye freti ya tatu ya uzi mnene inatetema mara 49. Maana yake, mitambo ikivuma, mvumo unakaa karibu kabisa na noti ambayo mpiga besi anaitumia usiku kucha, na ile G yake inasikika kama imepinda hata kama gitaa liko sawasawa. Nimemwona fundi akimsimamisha mpigaji katikati ya kupima sauti, akamwomba G moja ndefu, akainamisha kichwa, kisha akaenda moja kwa moja kwenye kisanduku cha DI kinachopokea waya wa besi na kuupeleka kwenye mixa. Akabonyeza swichi inayotenganisha ardhi ya upande mmoja na mwingine. Mvumo ukakatika, G ikanyooka. Hakugusa plagi. Wapo wanaokata waya wa ardhi kwenye plagi ili kuondoa mvumo, na hiyo ni kuhatarisha uhai wa mtu aliyeshika nyuzi za chuma huku mdomo wake ukigusa maiki. Kisanduku kizuri cha DI kina swichi hiyo, na kwa bendi yenye fedha ya kifaa kimoja tu, ningesema kianze hicho.

Mahali napo pana neno lake. Ndani ya ukumbi, besi ikiwekwa karibu na ukuta huvimba, na kwenye kona huvimba zaidi. Fundi huisogeza katikati au hupunguza sauti za chini kwenye mixa. Chini ya paa la bati kuna noti moja au mbili zinazolifanya bati liimbe, na mtu makini huzitafuta mapema na kuzipunguza hizo tu. Nje, tuseme Uwanja wa Nyamagana, hakuna ukuta wa kusaidia, besi inatawanyika pande zote, na bendi iliyozoea ukumbi inajiona imeishiwa nguvu. Jioni mambo yanageuka tena: hewa ya karibu na maji ya ziwa ikipoa kuliko iliyo juu yake, sauti inapinda na kurudi chini, na watu wa mbali kando ya maji wanaweza kusikia besi vizuri kuliko walio nyuma ya uwanja. Kuna mafundi wanaoanza kupunguza sauti za chini saa mbili usiku bila kuambiwa, kwa kuwajali wanaolala. Huo nao ni ufundi.

Makanisani nimeona masikio mazuri ajabu. Kwaya za AIC za Mwanza, Makongoro ikiwamo, zimezoesha watu magitaa kwa muda mrefu, na kijana anayepiga besi Jumapili analazimika kujifunza kujisikia bila kufunika sauti za waimbaji. Hapo ndipo inapoingia monita, spika inayowarudishia wanamuziki sauti zao. Monita ya sakafuni yenye koni ya inchi 12 haikuumbwa kubeba sauti za chini za besi pamoja na sauti za watu. Ukiishindilia, maneno ya waimbaji yanakuwa matope. Fundi mwenye busara hukata mitetemo ya chini kwenye monita, humpa mpigaji sehemu ya kati ya besi yake, kidogo, pamoja na ngoma ya mguu na mwimbaji kiongozi. Sauti za chini atazipata kutoka kwenye spika yake ya nyuma na kwenye nyayo zake.

Spika za masikioni zinazidi kuonekana, na kwa mpiga besi nina maoni yasiyofichika: achukue za waya. Yeye tayari amefungwa na waya wa gitaa. Wa pili ukipita pamoja nao haumzuii chochote, na fedha ambayo ingenunua mtambo usiotumia waya inunue spika zinazobana sikio sawasawa, kwani zisipobana besi yote inavuja. Avae zote mbili. Anayetoa moja ili asikie watu huishia kuongeza iliyobaki, na sikio halirudi likishaharibika: kwenye desibeli 100 muda salama ni kama dakika 15, na onyesho la dansi huanza usiku na kuisha karibu na alfajiri. Hasara yake ni kwamba mwili haupati mtikisiko, na wapigaji wengi wakubwa kwa umri hulalamikia hilo kwa haki. Mmoja ninayemfuata huvaa zake na bado huweka spika ndogo juu ya kreti nyuma yake, kwa sauti ya chini kabisa, iguse mgongo tu. Kabla ya wimbo wa kwanza hubadilisha betri ya volti 9 ya gitaa, hata kama ya jana bado ina nguvu, na ile ya jana humpa fundi aiweke kwenye kifaa cha kupimia nyaya.