Jioni ya mashairi sinagogini: tafsiri tele, sauti haba



Jumapili iliyopita nilihudhuria usomaji wa mashairi katika sinagogi moja la mtaa, kaskazini mwa London. Kiingilio bure, chai na biskuti nyuma ya ukumbi, wasomaji tisa, wote watu wa hapo hapo. Kila mmoja alimweleza mshairi wake dakika tano, kisha akasoma dakika moja. Ugonjwa huo hata sisi tunao, nauacha.

Lililonikera ni walivyomfanyia Dunash ben Labrat. Huyu bwana, karne ya 10, huko Andalusia, alichukua mizani ya Kiarabu akaitia kwenye Kiebrania, na wasomi wa zama zake wakamjia juu kwamba anaiharibu lugha ya maandiko. (Haya, nani humu hajausikia ugomvi wa namna hiyo? Wana-arudhi na wana-mashairi-huru miaka ya 1970 nusura washikane mashati.) Utungo wake "Dror Yikra" mpaka leo huimbwa mezani siku ya Sabato. Tena herufi za mwanzo za mistari zinafuma jina lake, kama watunzi wetu wa tenzi wanavyojitaja kabla ya kuaga.

Sasa msomaji akafanyaje? Akausoma kwa Kiingereza kitupu, kwa sauti ya taarifa ya habari. Jina likapotea, vina vikapotea, na ile mizani iliyozua ugomvi wote ikapotea pia. Ilobaki ni maana, na maana yake ukiitenga peke yake ni dua tu kama dua nyingine. Ni sawa na kumsomea mtu Muyaka kwa Kiingereza halafu ukashangaa mbona hacheki.

Aliyeiokoa jioni ni mzee mmoja aliyesoma Yehuda Amichai. Amichai alizaliwa Würzburg, Ujerumani, mwaka 1924, wazazi wakahamia naye Palestina angali mtoto, na mashairi yake akayatunga kwa Kiebrania hadi alipofariki mwaka 2000. Katika shairi lile anaichukua dua wanayosomewa maiti, "El Malei Rachamim", na kumhoji Mungu kwa maneno ya dua yenyewe. Mzee alianza na Kiebrania, polepole, karibu aghani. Bwana we! Walioijua dua wakaguna palepale. Vijana wakangoja tafsiri, wakaguna baadaye, kidogo, kwa adabu.

Mguno ule wa pili ndio ulionitia baridi. Na wale watoto wao angalau hufunzwa kusoma Kiebrania kabla hawajatimiza miaka 13. Wetu je? Juzi tu hapa mtu kajisifu kwamba mwanawe anajua "shikamoo" na "chapati".

Najua kuna atakayesema: wewe mwenyewe Kiebrania hujui, bila tafsiri ungeambulia nini? Kweli kabisa. Lakini mzee yule alitugawia karatasi, upande mmoja asili, upande wa pili Kiingereza. Macho yakafanya kazi yake, masikio yakaachiwa sauti. Hakuhitaji dakika tano za hotuba.

Basi kwa kisomo chetu kijacho nashauri hivyo hivyo: tafsiri ichapwe, mdomoni kiwe Kiswahili. Na anayeweza kughani aghani, hata kama sauti imekauka kwa baridi ya huku.