Pongezi kwa Waundaji wa Magari ya Ng'ombe wa Bahi

Huko Uingereza, tangu mwaka 1957, kampuni ya Lotus iliwauzia wapenda mbio gari la Lotus Seven likiwa vipande vipande, ili kila mwenye ustadi aliunge mwenyewe nyumbani na kuepukana na ushuru wa magari yaliyokamilika. Walakini mafundi wa magari ya ng'ombe wa Bahi, mkoani Dodoma, ambao hawaletewi sanduku la vipande wala karatasi ya maelezo, nawastahi zaidi.

Wao huanza na ekseli ya gari lililokwisha kuzeeka. Fundi hodari huzikagua kwanza beringi, akazisafisha na kuzitia grisi, kisha akaifunga ekseli chini ya fremu ya chuma au ya mbao ngumu, akiitafutia mahali ambapo mzigo utakuwa na mizani juu yake. Kwani ukielemea mbele, nira itawaadhibu ng'ombe shingoni, na ukielemea nyuma, mti wa kukokotea utainuka na kamba iwakabe koo. Hapo ndipo maarifa yote yalipo, na rehema kwa mnyama pia.

Kwa magari haya mpunga hutoka majarubani, na maji na kuni hufika nyumbani.

Mchora katuni Masoud Kipanya alipodhihirisha gari lake la umeme mwaka 2022, taifa lilimshangilia, na kwa haki. Nami naomba hadhara iwape mafundi hawa taadhima iyo hiyo, na wenye mamlaka wawapatie vijana wao mashine za kuchomelea.